Mpondwe, ambako mtu hujulikana kwa ulimi wake

Katika soko la Mpondwe, mteja husikika kabla ya kuonekana. Muuza vitenge aliyeinamia robota anasikia sauti mgongoni ikiuliza bei, na kabla hajageuka ameshajua mtu huyu ametoka ng'ambo gani ya mto Lhubiriha, na kama atatoa shilingi za Uganda au franga za Kongo. Akisikia "nilikuya" badala ya "nilikuja", au "batu" badala ya "watu", anajua huyo ni wa Kasindi, Beni au Butembo. Akisikia "kalibu" na "habali", anajua ulimi huo umelelewa Buganda, maana katika Luganda sauti ya r hukaa baada ya i na e tu, na penginepo huja l. Akisikia amri fupi fupi zisizotanguliwa na salamu, anahisi kwamba ni mtu wa jeshi, hata kama amevaa kiraia. Dereva wa lori lililotoka Mombasa naye hana haja ya kusema katokea wapi. Kiswahili chake cha Kenya kimeshamtangulia.

Watu wa Bwera, mji wa jirani, hawakusomea kazi hiyo. Wameipata kwa kuishi mahali ambapo Lhukonzo, Rutooro, Luganda, Kiingereza, Kifaransa, Lingala na Kiswahili cha kila namna hupita katika njia moja, siku moja, mbele ya meza moja ya forodha.

Lakini kumtambua mtu kwa ulimi wake ni jambo moja, na kumpima kwa ulimi huo ni jambo jingine. Kutambua ni ujuzi wa sikio. Kupima ni hukumu, na hukumu hiyo hutoka katika mambo yaliyotendeka zamani: nani alitawala, nani alibeba bunduki, nani alichekwa darasani. Wilaya ya Kasese, yenye miji hii, inayo historia hiyo kwa wingi. Na sasa Kiswahili kinapoingizwa rasmi katika shule za Uganda, swali la lafudhi ipi ni nzuri na ipi ni mbaya limefika mlangoni mwa kila mwalimu wa wilaya hii.

Mto mmoja, ndugu wawili

Bwera iko yapata kilomita 50 kutoka mji wa Kasese, upande wa kusini-magharibi, pale barabara inapoacha mbuga na kuelekea Kongo. Mbele kidogo ni Mpondwe-Lhubiriha, mji uliokua kandokando ya kituo cha mpakani. Ukivuka mto umeingia Kasindi, jimbo la Kivu Kaskazini.

Wanaotazamana katika kingo hizo mbili ni ndugu. Upande wa Uganda wanaitwa Wakonzo, upande wa Kongo wanaitwa Wanande, na wote hujiita Bayira. Lhukonzo na Kinande zinakaribiana mno hata wanaisimu wengi huzihesabu kuwa lugha moja. Kilichowatenga ni mpaka uliokubaliwa baina ya Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910. Tangu hapo watoto wa ukingo mmoja wakasomeshwa Kiingereza, wa ukingo mwingine Kifaransa, na kila upande ukaokota maneno ya mtawala wake. Huku mgonjwa anapelekwa hospitali, kule anapelekwa lopitali. Huku abiria anapanda boda, kule anapanda moto.

Wakiamkiana kwa Lhukonzo, "Wabukire", bibi wa Bwera na bibi wa Kasindi hawana tofauti kubwa inayoweza kupimwa. Hata hivyo, kila mmoja atakuambia kwamba yule wa ng'ambo "anaongea tofauti". Je, wanasikia tofauti hiyo, au wanaijua tu kwa kuwa mto upo?

Swali kama hilo liliwahi kuchunguzwa mbali na hapa, penye mto mwingine wa mpakani. Mto Detroit unautenga mji wa Detroit wa Marekani na mji wa Windsor wa Kanada. Mwaka 1999 mwanaisimu Nancy Niedzielski alichapisha utafiti aliowafanyia wakazi wa Detroit. Aliwasikilizisha sauti iliyorekodiwa ya mwanamke wa Detroit, mwenzao kabisa, akawataka wachague irabu zilizofanana na zile alizozitamka. Karatasi za baadhi yao zilikuwa na neno "Kanada" juu, za wengine zilikuwa na neno "Michigan", jimbo lao wenyewe. Sauti ilikuwa ileile. Walioona "Kanada" walizisikia zile irabu ambazo Wamarekani husema ni za Wakanada. Walioona "Michigan" hawakuzisikia, ingawa zilikuwamo katika sauti.

Wasikilizaji wale hawakuwa na ubaya na mtu. Masikio yao yalikuwa mazima. Walisikia kile ambacho tangu utotoni waliambiwa kiko ng'ambo ya mto.

Ramani iliyomo kichwani

Marekani ni miongoni mwa nchi ambako uchunguzi wa namna watu wanavyozipokea lafudhi umefanywa kwa mapana. Mwanaisimu Dennis Preston aliwapa watu wa kawaida ramani ya nchi yao na kuwaomba wachore mipaka ya mahali ambapo watu huongea kwa namna tofauti, kisha wataje wapi wanaongea kwa usahihi na wapi kwa utamu. Watu wa Michigan walijipa wenyewe alama za juu kwa usahihi, wakaziweka chini kabisa alama za majimbo ya kusini kama Alabama. Watu wa Alabama walipoulizwa, walijiona kuwa wao ndio wenye maongezi ya kupendeza. Ramani zile zilikuwa na habari nyingi za utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe na umaskini wa kusini kuliko habari za irabu na konsonanti.

Sauti yenyewe haina cheo. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alizunguka katika maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la watu wa kipato kidogo, akiwauliza wahudumu mahali pa bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, ili wataje maneno mawili ya Kiingereza yenye sauti ya r. Katika duka la matajiri r ilitamkwa zaidi. Katika duka la bei ya chini ilimezwa zaidi. Basi New York, kuimeza r ni dalili ya unyonge. Lakini London, Kiingereza cha watu wakubwa huimeza r ileile, na huko ndiko heshima ilipo. Sauti moja inamwinua mtu upande huu wa Atlantiki na kumshusha upande ule.

Afrika Mashariki nayo ina ramani yake, ingawa haikuchorwa karatasini. Ni usemi wenye matoleo mengi, unaosikika kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi: Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Watu huucheka, na wanaousema mara nyingi hawana nia mbaya. Lakini kwa mtu wa Mpondwe, usemi huo unamweka penye mauti upande mmoja na kaburini upande mwingine, kila anapofungua kinywa.

Tena hauko sawa na ukweli. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Katika miji kama Lubumbashi, Bukavu na Goma, wako watoto wengi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza, lugha ya kulilia na kuchezea. Redio Okapi, iliyoanzishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002, huwatangazia Wakongo kwa Kiswahili kila siku. Lugha iliyozikwa haina watoto wa namna hiyo.

Hata madai kwamba Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili sanifu kilichoharibika yanageuza mambo juu chini. Kiswahili kilifika mashariki mwa Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, kikaota mizizi Nyangwe na Kasongo. Usanifu ulikuja baadaye sana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha iliyoziunganisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji na haikuwamo. Kiswahili chake kilikuwa kimeshakwenda njia yake miongo kadhaa kabla kipimo hakijatengenezwa.

Hiyo "batu" inayowachekesha watu wa pwani ina ukoo wake vilevile. Kwa Lhukonzo, mtu ni omundu na watu ni abandu. Anayesema "batu" anafuata kanuni ya lugha za Kibantu zilizomzunguka pande zote, kutoka Rwenzori hadi mto Kongo.

Lugha iliyokuja na bunduki

Ndani ya Uganda, Kiswahili kilibeba mzigo mwingine. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Upinzani ulikuwa mkali. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alitoa waraka wa kukikataa, na wakuu wa makanisa nao walikuwa na hofu zao. Wengi waliona kwamba Kiswahili kingeifungulia Uganda njia ya kuunganishwa na Kenya ya walowezi, ambako Mwafrika alinyang'anywa ardhi. Kiswahili kikabaki katika kambi za jeshi la King's African Rifles na vituo vya polisi.

Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo lilitolewa na serikali ya kijeshi, na lugha yenyewe ikazidi kusikika vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Watu walijifunza kukiogopa kwa sababu mara nyingi kilikuja usiku, kikigonga mlango. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania lilipoingia kumng'oa Amin, Waganda wengi walisikia kwa mara ya kwanza Kiswahili cha mtu anayeamkia, anayesema tafadhali na samahani. Lugha ileile, lafudhi nyingine, na sikio likapata habari nyingine.

Lakini kumbukumbu ya kwanza ni ngumu kufutika. Katika sehemu nyingi za Uganda, hasa Buganda, wako wazee ambao mpaka leo wakisikia Kiswahili cha sauti nzito hufikiri kwanza jambazi au askari. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili. Karatasi ilibadilika haraka kuliko masikio.

Bulembia, ambako Kiswahili kilikuja na kazi

Kasese ilikuwa na bahati ya kukipata Kiswahili pia kwa njia isiyo ya bunduki. Bulembia ni mojawapo ya divisheni tatu za Manispaa ya Kasese, nyingine zikiwa Central na Nyamwamba. Imekaa katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori, na ndani yake mna Kilembe, mgodi wa shaba ulioifanya Kasese ijulikane. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi ukaanza kutoa shaba.

Kazi iliwaita watu kutoka pande zote. Walikuja Wakonzo wa milimani na Watooro wa tambarare, watu wa Kigezi na Ankole, watu wa kaskazini mwa Uganda, Wakongo, Wanyarwanda, Wakenya waliozoea kazi za reli. Wakapangwa katika nyumba za kampuni, mlango kwa mlango. Mtu ambaye jirani yake ni Mwacholi, msimamizi wake ni Mkenya na mwenzake wa zamu ni Mkongo hawezi kuishi kwa lugha ya mama peke yake. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha za kazi, za klabu na za uwanja wa mpira.

Katika mgodi, thamani ya lafudhi hupimwa kwa kipimo kimoja: je, umeeleweka? Chini ya ardhi, onyo lisiloeleweka linaua. Hapana nafasi ya kumcheka mtu aliyetamka "mutu" ilhali anakuambia jiwe la juu yako limelegea. Kilembe ilizalisha kizazi kilichosikia Kiswahili cha namna kumi bila kuambiwa kipi ni cha kuaibikia.

Shaba ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni haifiki tena Kasese, na mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na Mei 2020 yakazivunja nyumba na kuipiga hospitali ya Kilembe. Wengi waliondoka. Lakini sifa ya Kasese kuwa miongoni mwa miji ya Uganda inayoongea Kiswahili bila woga ilianzia pale bondeni, na soko la Mpondwe likaiendeleza.

Hukumu ya sikio inapogharimu

Wako wanaodhani kwamba mambo ya lafudhi ni ya kuchekeana tu. John Baugh, msomi Mmarekani mweusi, aligundua vinginevyo alipokuwa akitafuta nyumba ya kupanga karibu na Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa simu, akitumia Kiingereza cha wasomi, alikaribishwa. Akifika mlangoni na rangi yake, nyumba ilikuwa imeshachukuliwa. Baadaye yeye na wenzake Thomas Purnell na William Idsardi walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 1999. Wenye nyumba katika eneo la San Francisco walipigiwa simu na mtu mmoja akitumia lafudhi tatu: ya Wamarekani weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Mexico, na ile inayohesabiwa ya kawaida. Katika vitongoji vya Wazungu wengi, lafudhi mbili za kwanza zilipata miadi michache zaidi kwa mbali. Jaribio jingine lilionyesha kwamba neno moja tu la salamu lilitosha wasikilizaji kubahatisha vizuri mzungumzaji ni wa kundi gani.

Mpakani mwa Uganda na Kongo, gharama inaweza kuwa kubwa kuliko kukosa nyumba. Ugonjwa wa Ebola ulipolipuka Kivu Kaskazini Agosti 2018, ulidumu takriban miaka miwili na kuua zaidi ya watu 2,200. Beni na Butembo zilikuwa katikati ya janga. Watu wa miji hiyo walikuwa wametoka katika miaka ya mauaji na hawakumwamini mgeni kirahisi. Wahudumu waliotoka mbali na kuongea Kifaransa au Lingala walisikika kama watu wa serikali ya Kinshasa, na ujumbe sahihi ukakataliwa kwa sababu ya kinywa kilichoutoa. Shirika la Translators without Borders lilichunguza matumizi ya lugha katika eneo hilo na kusisitiza haja ya maelezo kwa Kinande na kwa Kiswahili kama kinavyosemwa Kongo. Kiswahili cha vitabu vya Nairobi au Dar es Salaam hakikutosha.

Juni 2019 Ebola ilivuka mto. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alithibitishwa kuwa nayo Bwera, akafariki. Bibi yake akafuata. Uganda ilifanikiwa kuuzuia ugonjwa usisambae ndani ya nchi. Sababu zilikuwa nyingi: maandalizi ya miezi, chanjo, vituo vya kupima joto na kunawa mikono mpakani. Lakini hata maandalizi mazuri humfikia mtu kwa maneno, na Bwera ilikuwa na kitu ambacho fedha hainunui kwa haraka. Wahudumu wa afya wa kijijini waliweza kumweleza mwanamke aliyetoka Kasindi kwa Lhukonzo yake mwenyewe, na ndugu yake kwa Kiswahili cha upande wao, bila yeyote kati yao kujiona anahojiwa na mgeni.

Wasiwasi wa usalama nao unayajaribu masikio hayo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa kundi la ADF, wenye kambi ng'ambo, walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba wa namna hiyo ni rahisi sana kwa jamii kuanza kumshuku kila aongeaye "kama wa ng'ambo". Lakini mpakani hapa, aongeaye kama wa ng'ambo ni shangazi aliyeolewa Kasindi, ni mchuuzi wa mawese, ni mkimbizi aliyekimbia bunduki zilezile. Ulimi unaweza kueleza mtu alilelewa wapi. Hauwezi kueleza amekusudia nini.

Darasa la jana na la leo

Kasese inajua, kuliko wilaya nyingi, kinachotokea shule inapomwaibisha mtoto kwa ulimi wake. Chini ya ufalme wa Toro, katika zama za Waingereza, Wakonzo na jirani zao Waamba walisomeshwa kwa Rutooro. Lhukonzo ni lugha ya toni, inayopanda na kushuka. Rutooro imezipoteza toni zake, jambo adimu miongoni mwa jirani zake wa Kibantu. Haikuwa kazi ngumu kwa sikio la Mtooro kumjua Mkonzo, hata akiyapanga maneno sawasawa. Watoto walidharauliwa, na wako waliojificha nyuma ya majina na lugha ya Watooro ili wapate masomo na kazi.

Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirania alianzisha chama cha kukusanya historia na maisha ya Wakonzo. Kazi iliyoanza kwa kuhoji wazee na kuandika mapokeo ilikuja kuwa siasa. Machi 1962 wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro, na tarehe 30 Juni 1962 harakati yao, Rwenzururu, ikajitangazia uhuru wake, miezi michache kabla ya Uganda kupata wa kwake. Madai yalikuwa mengi: ardhi, vyeo, kodi, utawala. Lugha shuleni ilikuwa mojawapo. Mapambano ya milimani yalidumu miaka 20, hadi makubaliano ya mwaka 1982, na serikali ikautambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Leo Lhukonzo inafundishwa katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi, na herufi lh, iliyomo katika jina la mto wa mpakani, imeandikwa waziwazi kwenye mabango ya barabarani.

Juu ya historia hiyo ndipo Kiswahili kinapokuja. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwezi huohuo Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa watunga sera wa Kampala, hayo yalikuwa maamuzi mawili. Kwa mtoto wa Bwera ni jambo moja: lugha ya sokoni kwa mama yake imeingia katika ubao.

Ila haijaingia jinsi anavyoisema. Kitabu kina "nilikuja", "mtu", "watu" na "sina pesa". Yeye ana "nilikuya", "mutu", "batu" na "sina na franga". Anajua Kiswahili kuliko mwenzake wa Mbarara au Mukono ambaye hajawahi kupatana bei kwa lugha hiyo hata mara moja, na huenda kuliko mwalimu aliyekipata chuoni. Kinachomsubiri ni ama mwalimu atakayemwambia anajua vibaya, ama mwalimu atakayemwambia anajua tayari, kisha amwongeze.

Tofauti kati ya walimu hao wawili ni kubwa. Sarufi na tahajia ya Kiswahili sanifu lazima zifundishwe bila kulegeza, kwa sababu mtihani, barua ya kazi na mkataba wa biashara vitazitaka. Mtoto wa Bulembia ana haki ya kuzijua kikamilifu kama mtoto wa Zanzibar. Lafudhi ni habari nyingine. Mwanafunzi aliyeandika "nilikuja" kwa usahihi na kulisoma kwa sauti ya Rwenzori hajakosea kitu, na alama isimpungukie. Wala si haki mtahini amsikie kwanza mtoto wa "mpakani", kama wale wasikilizaji wa Detroit walivyomsikia Mkanada asiyekuwapo.

Jambo hili haliko mbali na uwezo wa shule za Kasese. Redio zinazosikika Bwera hutoa Kiswahili cha Kivu, cha Nairobi na cha Dar es Salaam bila malipo. Mwalimu anaweza kuwasikilizisha wanafunzi taarifa moja ya habari kwa vinywa vitatu na kuwataka waeleze walichoelewa katika kila kimoja. Wachuuzi, madereva na mawakala wa forodha wa Mpondwe wanaweza kualikwa darasani wakaeleza namna wanavyobadili ulimi mteja anapobadilika. Kamati za mitihani zinaweza kuwaandikia watahini mwongozo unaotenga kosa la sarufi na sauti ya kwao mtu.

Na wakati wenyewe unasukuma. Juni 2021 Rais Yoweri Museveni na Rais Félix Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara ya Kasindi, Beni hadi Butembo. Tangu Novemba 2021 wanajeshi wa Uganda wako ng'ambo hiyo katika operesheni dhidi ya ADF, wakiongea Kiswahili chao cha kambini na wanakijiji wenye Kiswahili chao cha Kivu. Watoto walio Primary Five leo katika shule za Bwera na Kilembe ndio watakaokuwa wauguzi, makarani, mafundi na madereva wa barabara hiyo. Watawahudumia watu wanaosema "nilikuya" na watawaandikia ripoti wakubwa wanaotaka "nilikuja", na watahitaji vyote viwili. Mwalimu atakayefungua kipindi cha kwanza cha wiki kwa kuwauliza walisikia Kiswahili gani gulioni, na nani alisema nini, atakuwa na darasa zima lenye mikono juu.